Seva Inayowashwa ili Izimwe

Mwaka ule nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuponyi. Niliamka nimechoka, nikatembea hadi kazini nikipita kati ya malori yaliyosimama tangu jana yake, nikaketi mbele ya kompyuta, na kitu cha kwanza kukiona kila asubuhi kilikuwa alama nyekundu.

Nieleze kazi yenyewe. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja, mwanamume wa Ndalambo aliyenizidi miaka michache, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya mawakala wa forodha pale Tunduma. Upande wa pili wa ukuta wa mbao kulikuwa na kaunta, na dada mmoja alipokea watu hapo mchana kutwa: madereva, wenye mizigo, ndugu wa madereva. Sisi tulitunza mfumo aliokuwa akiutumia. Kila lori lilikuwa na jalada lake humo, lenye namba ya gari, jina la dereva, mzigo, na maelezo ambayo wenzetu wa pande zote mbili za mpaka waliyaongeza kadiri safari ilivyoendelea. Dada wa kaunta aliandika neno, mfumo ukamletea majalada yenye neno hilo.

Ukilisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Lakini Tunduma mmoja anaandika mbolea na mwingine anaandika mborea, kwa sababu ndivyo inavyotamkwa kwao. Wa Nakonde, upande wa Zambia, anaandika Kiingereza, au anachanganya na Kibemba. Ndiyo maana nyuma ya mfumo kulikuwa na seva ya utafutaji, programu kubwa ambayo kazi yake ni kuyasoma majalada yote mapema, kukumbuka kila neno liko wapi, na kujibu upesi ikiulizwa. Jalada ambalo seva hiyo haikuwa nalo, kwa dada wa kaunta halikuwapo duniani.

Kabla ya kupeleka badiliko lolote kaunta, tuliendesha majaribio. Hizi ni programu ndogo zinazojifanya ndizo dada wa kaunta: zinaingiza majalada ya uongo, zinatafuta, zinalinganisha jibu na lile linalotarajiwa. Jibu likilingana, alama ya kijani. Lisipolingana, nyekundu. Shida yetu ni kwamba majaribio yote, yangu na ya mwenzangu, yaliuliza seva moja, iliyokaa kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza yake. Yeye akiingiza majalada yake asisafishe, mimi nikija nayakuta. Mimi nikisafisha, namfutia ya kwake katikati ya kazi. Nilitarajia majalada matatu ya mbolea, naletewa matano. Nyekundu. Nikirudia baada ya robo saa, kijani.

Mtu akiishi na jambo la namna hiyo muda mrefu, anaacha kuuliza. Tulikuwa na neno letu la kila siku.

"Rudia tu," mwenzangu angesema bila kugeuza kichwa.

Nami nilirudia. Mara mbili, mara tatu, mpaka ije kijani. Niliwahi kumwambia mkuu wetu kwamba tunahitaji siku kadhaa tulitengeneze jambo hili, akanijibu, "Majaribio hayavushi lori, dada." Sikubishana. Nguvu ya kubishana sikuwa nayo.

Siku moja nilibadilisha namna maelezo yanavyoongezwa kwenye jalada. Kwa njia mpya, mtu akiongeza maelezo, jalada zima lilitolewa kwenye seva ya utafutaji na kurudishwa upya likiwa na maelezo yake. Nikaandika jaribio: jalada moja la ngozi za ng'ombe, liongezwe maelezo, kisha litafutwe. Nikaendesha. Nyekundu. Kwenye kioo kuliandikwa kwamba lilitarajiwa moja, limepatikana sifuri.

Nakumbuka nilikaa nikiitazama ile sifuri. Kwa kawaida uchafu wa seva yetu ulizidisha majibu. Kupunguza ilikuwa nadra. Kitu kidogo kilinigusa, kama mtu anayekuita kwa sauti ya chini kwenye kelele za soko.

"Imekataa?" mwenzangu akauliza.

"Imekataa."

"Rudia tu."

Nikarudia. Kijani. Nikapeleka badiliko kaunta, nikaenda kula maharage na ugali.

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja kutoka Mlowo. Mimi sikumwona siku ya kwanza. Nilisikia tu sauti yake kupitia ukuta wa mbao, sauti ya mtu mzima asiyependa kusumbua watu. Alisema mumewe ni dereva, amepita na mzigo kuelekea Ndola, simu yake haipatikani siku ya tatu sasa. Nilimsikia dada wa kaunta akimuuliza namba ya gari. Akaandika. Akamuuliza jina. Akaandika.

"Mama, halipo," dada akamwambia. "Gari la mzee halijafika hapa. Litakuwa bado kwenye foleni huko nyuma."

"Halijafika kabisa?"

"Lingefika ningeliona hapa, mama."

Akashukuru, akatoka. Baadaye nilijua alikokwenda. Alishika barabara ya kurudi Vwawa, akaifuata foleni ya malori kwa miguu, akisoma namba moja moja na kugonga milango kuuliza madereva. Kesho yake akarudi kaunta, akaambiwa vilevile, akaishika tena barabara. Siku ya tatu utingo mmoja alimtambua. Alikuwa amewahi kula nyumbani kwake Mlowo.

"Mama, mbona unamtafuta huku?" utingo akamwambia. "Mzee alivuka siku nyingi. Aliangukia ng'ambo, yuko hospitali. Gari liko yadi Nakonde."

Ndipo aliporudi kwetu, na siku hiyo nilimwona, kwa sababu dada wa kaunta alifungua mlango wetu akiwa amekunja uso.

"Dada, hebu njoo. Mfumo wenu unanifanya mwongo."

Mama alikuwa amesimama kaunta, kanga imefunikwa na vumbi jeupe hadi magotini, viatu vya plastiki, mkoba mkononi. Nilimwamkia, akaitikia. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mlisema hayupo."

Nilirudi ndani nikafungua hifadhi ya asili, kule majalada yanakokaa yenyewe kabla seva ya utafutaji haijayasoma. Lilikuwapo. Namba ya gari, jina, mzigo wa sementi, muhuri wa kuvuka. Na chini yake maelezo yaliyoandikwa na wakala mwenzetu wa Nakonde: Dereva kaugua ghafla, amelazwa hospitali ng'ambo. Ndugu wajulishwe.

Nilisoma maneno mawili ya mwisho mara kadhaa. Mtu alikuwa amefanya wajibu wake. Ameyaandika mahali panapotakiwa, akijua mke wa dereva akija kuuliza ataambiwa. Na sisi tukamwambia mkewe hayupo.

Nilimpigia simu yule wakala wa Nakonde, nikaandika jina la hospitali kwenye karatasi. Halafu nikaona siwezi kumpa mtu karatasi peke yake. Nikachukua sweta langu nikamwambia, "Twende, mama. Nakusindikiza."

Tulivuka kwa miguu kama watu wa pale wavukavyo, kati ya mikokoteni na wabeba mizigo. Njiani aliniuliza kama hospitali ile wanaruhusu kuleta chakula, nikamwambia sijui. Alikuwa na mkate na chupa ya uji kwenye mkoba. Uji alikuwa akiupika upya kila asubuhi kwa mwenyeji wake, akitembea nao kutwa, akiumwaga jioni.

Wodini muuguzi alitupokea kwa salamu ya Kibemba, "Mwapoleni mukwai," kisha alipoona tunavyomtazama akaingia Kiswahili chake cha mpakani. Mzee alikuwa kitanda cha mwisho. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea na mkono wa kushoto ulilala juu ya shuka kama si wa kwake. Alipomwona mkewe alianza kulia, kwa jicho moja zaidi kuliko jingine. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Umechelewa wapi?"

"Walisema hupo," mama akajibu.

Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuwa akinisema. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua ile chupa, akaanza kumnywesha uji kwa kijiko akimfuta kidevu kwa pindo la kanga. Mimi nilisimama mlangoni. Muuguzi alinieleza kwamba mgonjwa aliletwa na madereva wenzake, kwamba siku tatu za mwisho alikuwa akikataa kula, akiangalia mlango. Sikumwomba anieleze hayo. Alidhani mimi ni binti yao.

Baadaye tulitoka nje na mama ili nimwonyeshe mahali pa kununua laini ya simu ya huko. Nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena.

"Mama, lile kosa ni langu."

Akasimama. "La kwako vipi?"

Nikamweleza kama nilivyoweza. Kwamba kuna mtambo unaotafuta majina, kwamba niliubadilisha, kwamba kabla ya kuubadilisha nilioneshwa alama ya kwamba kuna kitu hakiko sawa, nami nikarudia mpaka alama ikaondoka.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaiacha kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka, mama."

"Hata mimi nimechoka," akasema. Kisha akauliza tena ile laini inauzwa wapi, nami nikamwonyesha.

Nilirudi ofisini alasiri. Mwenzangu alikuwa amekwisha kuanza kuchimba, na alikuwa amepata. Kosa lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu. Kile kialama kinachokaa juu katika neno ng'ambo, ndicho kilichoikwamisha hatua ya kulirudisha jalada. Njia yangu mpya ililitoa jalada vizuri, kisha ikifika kwenye neno kama ng'ambo au ng'ombe, ikajikwaa na kuliacha nje. Wakala angeandika Zambia badala ya ng'ambo, mama yule angeambiwa ukweli siku ya kwanza. Tulipopekua tukakuta majalada mengine saba yaliyopotea hivyohivyo. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuulizana kwa simu, kwa hiyo hatukuwa tumeyasikia.

"Lakini jaribio lako la ng'ombe lilipita," mwenzangu akasema. "Nililiona kijani kwa macho yangu."

Tukafungua ile seva ya chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na jalada jingine la ngozi za ng'ombe. Lilikuwa la kwake, la jaribio lake mwenyewe, aliloliingiza mchana ule nilipokuwa bado naitazama ile sifuri, kabla sijarudia. Jaribio langu lilitafuta jalada moja likapata moja. Halikujua kwamba si lenyewe.

Alivua miwani, akayasugua macho yake kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyekwambia urudie."

"Mimi ndiye niliyebonyeza."

Kulirekebisha lile kosa kulichukua muda wa kunywa chai. Kilichobaki ndicho kilichotuchukua majuma.

Safari hii sikumwomba mkuu ruhusa. Nilianza tu. Wazo halikuwa langu, watu wa kazi yetu wanalifanya kwingine. Kila jaribio liwe na seva yake ya utafutaji. Programu ya jaribio yenyewe ndiyo iiwashe, mpya, tupu kama sufuria iliyotoka kuoshwa. Iisubiri iamke, iingize majalada yake machache, iulize maswali yake, kisha iizime na kufuta kila kitu ilichokiacha kwenye diski. Lijalo lisikute mabaki ya jana.

Kusema ni rahisi. Kwanza seva ile si kitu cha kuwaka kama taa. Inaamka polepole kama mzee wa Mbozi asubuhi ya baridi. Jaribio liliiwasha na papo hapo likaanza kuiuliza, ikawa haijibu, nyekundu. Nikaliambia jaribio lisubiri sekunde kumi. Asubuhi zikatosha. Mchana, kompyuta ikiwa imepata joto, hazikutosha, na kwa mara nyingine tukawa na alama nyekundu za bahati nasibu, zilezile tulizokuwa tukizikimbia. Nilikaribia kuacha. Nilijiambia kwamba nimebadilisha tope kwa matope.

Mwenzangu ndiye aliyesema, "Usihesabu sekunde. Bisha hodi."

Ndivyo tulivyofanya. Jaribio likawa linaiuliza seva kila nusu sekunde kama iko tayari, na likijibiwa tu linaanza kazi. Ikipita dakika nzima kimya, linakata tamaa na kueleza kwa nini. Tukagundua pia kwamba seva ikipewa jalada hailioneshi papo hapo. Inataka kwanza kulipanga. Ikabidi jaribio liiagize ipange sasa hivi, kabla ya kuuliza.

Kisha yakaja mengine. Seva mbili haziwezi kusikiliza kwenye namba moja, kwa hiyo majaribio yangu na yake yakagombana mlangoni mpaka tulipoiachia kompyuta yenyewe igawe namba iliyo wazi. Na kuna alasiri kompyuta yangu ilianza kupumua kwa kishindo, feni inalia, kipanya hakisogei. Nilipoangalia nikakuta seva kumi na moja ziko hai ndani yake. Kila jaribio lililokufa njiani liliacha seva yake ikiwaka, haina wa kuizima, inaendelea kula nafasi na kungoja maswali. Nilizizima moja moja kwa mkono. Nilijikuta ninazihurumia, jambo ambalo lilinionyesha jinsi nilivyochoka. Baada ya hapo tuliandika kwamba seva izimwe kwa hali yoyote, jaribio lipite, lianguke, au likatishwe.

Umeme ulikatika mara nyingi majuma yale. Tulikaa kwenye ngazi za nje tukisubiri, mwenzangu akila karanga, tukitazama malori. Hatukuzungumza habari za kazi. Alinieleza ya shamba lao la Ndalambo, jinsi kaka zake wanavyodhani anakaa kwenye kiti siku nzima akipumzika.

Siku tuliyoendesha majaribio yote kwa njia mpya kwa mara ya kwanza, yalichukua muda mrefu mara tano kuliko zamani. Na hayakuja kijani. Sita yalikuja nyekundu. Tukarudia, mara hii kwa makusudi. Sita, yaleyale. Tukarudia tena. Yaleyale.

"Haya ni ya kweli," mwenzangu akasema.

Yalikuwa ya kweli. Makosa sita yaliyoishi miongoni mwetu, mengine tangu kabla sijaajiriwa, yamefunikwa na uchafu wa seva moja. Sikufurahi. Nilitazama ile orodha nikafikiria watu ambao labda walisimama kaunta wakaambiwa hakuna, wakashukuru, wakaondoka. Hao sitawajua. Tukaanza kuyarekebisha, moja baada ya jingine, na ikawa kazi ya mwezi.

Mkuu alipogundua tulichofanya alisimama nyuma yangu, akaona maandishi yanapita kwenye kioo: inawasha, inasubiri, iko tayari, inajaribu, inazima.

"Kwa hiyo unaiwasha ili uizime?"

"Ndiyo."

"Siku nzima?"

"Kila tunapobadilisha kitu."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Hakutukataza. Nilichukua hilo kuwa ndiyo yake.

Mzee alikaa hospitali ile majuma mawili, kisha wakamhamishia Vwawa, kisha nyumbani. Nilikuwa nikimpigia mama simu kila Jumapili baada ya ibada. Mwanzoni alikuwa akijibu kwa ufupi, anaendelea, tunamshukuru Mungu. Baadaye akaanza kunieleza zaidi: ameketi, amesimama, amegombana na mtu, dalili njema. Mkono wa kushoto haukurudi. Lori alipewa dereva mwingine. Muuguzi aliwahi kuwaambia kwamba siku zile tatu za kukataa chakula hazikumsaidia, lakini kama zilimharibu au hapana, hakuna aliyeweza kusema, nami sikuuliza mara ya pili.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika niliomba likizo, nikaenda kwetu Mbozi. Njiani nilishuka Mlowo. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anapepeta maharage, na mzee ameketi juani, fimbo kati ya magoti, anamwelekeza namna ya kupepeta. Nilipiga magoti kumwamkia. Alinitazama, hakunikumbuka.

"Huyu nani?" akamuuliza mkewe.

Mama hakuacha ungo. "Ni yule dada wa mpakani," akasema. "Aliyenileta kwako."

Nilitaka kumsahihisha. Nilifungua kinywa, na mama akanitazama kwa namna ya kunitaka ninyamaze, kisha akanisogezea kiti kidogo na ungo wa pili. Tukapepeta mpaka basi la kwetu lilipopita, nami nikaliacha lipite, nikangoja la baadaye.